Ndege ya Jeti Iliyozimwa kwa Ajili ya Hotuba

Vijana wa Nakivale, kila nikitoka shambani na jembe begani mnanisimamisha njiani na swali lilelile: "Papa Mapendo, kazi ya ndege watu wanaiingiaje?" Mnauliza huku mnanitazama miguuni, mnaona kandambili, na najua mnajisemea kwamba mzee huyu hajawahi kugusa ndege. Nimezigusa nyingi kuliko mbuzi. Basi kaeni niwaeleze, halafu mtaamua wenyewe kama bado mnaitaka kazi hiyo au mtabaki na boda boda zenu.

Kwanza ondoeni mawingu kichwani. Mtu wa kazi yetu haendi angani. Katika miaka yote niliyohudumia ndege niliingia ndani mara nyingi, lakini kila mara nikiwa na ufagio, na kila mara nikashushwa kabla haijaondoka. Kazi yetu iko chini: kuzuia magurudumu, kujaza mafuta, kupakia mizigo, kumwonyesha rubani kwa mikono asimame wapi. Kwenye viwanja vikubwa kila kazi ina mashine yake. Kuna gari la kuvuta ndege, gari la umeme, gari la mafuta, mkanda wa kupandisha masanduku. Kwenye viwanja vidogo nilikofanya kazi maisha yangu yote, kwanza kule Kivu ya Kusini, halafu huku nje ya Mbarara, mashine zilikuwa mimi, mwenzangu mmoja, na kamba.

Aliyenifundisha ni Papa Byamungu, kule Kivu, mtu mfupi mwenye sauti ya padri. Kila asubuhi alitutembeza uwanja mzima tumeinama kama watu wanaopalilia, tukiokota kokoto, misumari na vizibo vya bia. "Moteri ya jeti iko sawa mutoto mudogo," alituambia. "Kila kintu inapata inatia mu kinywa." Wakati huo hatukuwa tumeona jeti hata moja. Zilikuja ndege za pangaboi tu, tena kuukuu. Tuliokota hata hivyo.

Mizani yetu ilikuwa ya kupimia kahawa, na abiria walipimwa hapohapo pamoja na masanduku yao, maana ndege ndogo haisamehe kilo. Siku moja alipanda mama aliyevaa vitenge juu ya vitenge, na kati ya kitenge na kitenge amelaza samaki wakavu. Mshale wa mizani ukaenda mbali. Papa Byamungu akasema kwa heshima zote, "Mama, wiki yenye ilipita ulikuwa mwepesi kidogo." Mama akajibu bila kupepesa macho, "Wiki yenye ilipita nilikuwa na mawazo mingi." Alisafiri. Samaki ilibidi wabaki, akatuachia kwa mdomo wa baraka na macho ya laana.

Zile ndege zilikuwa nzito nyuma wakati wa kupakia, kwa hiyo tulizitegemeza mkia kwa mti wa mkaratusi. Hicho ndicho kilikuwa kifaa chetu cha kisasa. Siku moja mtu aliuiba mti ule akaenda kupikia maharage, nasi tukapakia bila kuangalia. Ndege ikakaa kitako kama ng'ombe aliyechoka, pua juu, rubani ndani akitazama mbingu. Papa Byamungu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba uwanja mdogo haufi kwa kukosa vifaa, unakufa kwa kudhani vifaa vipo.

Vita vikanileta huku Uganda, kambini Nakivale, kama vilivyowaleta wazazi wenu. Nikapewa kiwanja, nikalima. Baadaye nikasikia kampuni moja, ambayo jina lake niliache lipumzike, inaleta ndege za jeti kwenye uwanja mdogo nje ya Mbarara, inatafuta watu wa chini. Nikaenda na Ndayizeye, Mrundi jirani yangu wa mtaa wa Rubondo, ambaye alikuwa hajawahi kuiona ndege kwa karibu lakini alikuwa na mgongo mpana. Wakatuchukua wote wawili. Mimi walinichukua kwa uzoefu, yeye kwa mgongo, na baada ya wiki moja tukagundua kwamba kazi ni ileile.

Sasa sikilizeni kitu kimoja cha ufundi, kimoja tu, maana habari yote imesimama juu yake. Injini ya jeti haiwashwi kwa teke kama pikipiki. Inawashwa kwa upepo. Upepo huo unatoka katika sehemu tatu: kwenye moteri ndogo iliyofichwa mkiani, au kwenye mashine ya chini inayoupuliza kwa mpira mnene, au kwenye injini ya pili kama inanguruma tayari. Ukizikosa zote tatu, ndege yako ni nyumba ndefu yenye madirisha madogo.

Uwanja wetu ulikuwa na mashine ya upepo. Ilipofika ilizinduliwa kwa utepe, keki ikakatwa, watu wakapiga picha nayo. Halafu ikafungiwa stoo isichafuke. Mimi na Ndayizeye hatukuwahi kuisikia ikinguruma. Tulipouliza, meneja wetu, Bwana Tumwesigye, alijibu, "Hiyo kitu ni ya bei kubwa. Hapana chezea."

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mnajua wenyewe jinsi watu wetu wanaokwenda kuishi ng'ambo wanavyosafirishwa: basi linawachukua asubuhi Nakivale, jioni wako Entebbe, wanapanda ndege kubwa. Hakuna anayeimba. Lakini Bwana Tumwesigye aliwashawishi wahusika kwamba safari hii basi liishie Mbarara, na familia zipelekwe Entebbe kwa jeti. Mheshimiwa mmoja akasikia, akaomba iwepo hafla fupi. Vijana, mkisikia maneno "hafla fupi" tafuteni kivuli na kitu cha kula.

Katika familia zile alikuwamo binti yangu Mapendo na watoto wake wawili. Mume wake alikuwa ametangulia, anawangojea huko kwenye baridi. Mimi sikuwa kwenye dosie yao, lile faili la kuhamia ng'ambo. Dosie yangu ni ya peke yangu, na mpaka leo iko inakolala. Mnajua pia kwamba karatasi za daktari ni kama maziwa, zina muda wa kuchacha. Ukikosa ndege yako unarudi mwanzo kabisa: kifua upya, damu upya, mahojiano upya, na maswali ya jina la nyanya yako upya. Ndege yao ya ng'ambo ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo asubuhi nilivaa kizibao changu cha rangi ya chungwa, nikaenda kuitayarishia njia ndege ya kumchukua mwanangu. Niliokota kokoto kuliko siku zote. Kuna jiwe moja nililiokota nikalishika mkononi muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Halafu nikalitupa nje ya uwanja, mbali.

Rubani alikuwa Kapteni Akankwasa, dada wa Kinyankore, mtaratibu, asiyependa maneno. Alitupigia simu kabla hajaruka: ile moteri ndogo ya mkiani imekufa, fundi ataishughulikia kesho. Atatua, atazima injini ya kushoto upande wa mlango, ya kulia ataiacha inanguruma. Watu wapande haraka, kisha upepo wa kulia uwashe kushoto, aondoke. Ni jambo la kawaida, tulikuwa tumelifanya mara nyingi. Tukaweka kamba upande wa kulia mtu asipite. Meneja aliambiwa. Kila mtu aliambiwa isipokuwa hotuba.

Jeti ikatua vizuri. Zulia jekundu lilikuwa limetandazwa, watoto wa shule wamepangwa kwa urefu, spika mbili kubwa kama kabati, na hema la wageni lenye keki mezani. Basi la Nakivale lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, familia zimeshuka na mifuko yao myeupe ya karatasi za safari shingoni. Mheshimiwa akasimama akasema, "Ndugu wananchi." Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa nguvu. Injini ya kulia ikamjibu. Akajaribu mara ya tatu mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na watoto wa shule wakapiga makofi wakidhani amemaliza.

Bwana Tumwesigye akanijia mbio.

"Mzee, ambia hiyo ndege inyamaze."

"Bosi, ikinyamaza haitaamka."

"Mheshimiwa hawezi shindana na kelele. Hotuba ni fupi."

Nikatazama karatasi zilizokuwa mkononi mwa mheshimiwa. Zilikuwa nene kama Agano la Kale. "Bosi," nikasema, "watu wapande kwanza, ndege iende, halafu yeye aseme mpaka kesho."

"Aseme kwa nani? Na picha apige na nini?"

Akatoa simu akampigia Kapteni. Nilisikia upande wake tu. "Kapteni, zima kidogo. Eeh. Najua. Mashine ya upepo? Iko. Nakuambia iko, bwana, eh, nyabo, iko hapa hapa kwa stoo. Ndiyo. Mimi nasema."

Injini ya kulia ikavuta pumzi ndefu, ikashuka, ikashuka, ikaisha. Tukasikia ng'ombe wakilia ng'ambo ya uzio. Wageni wakapigia makofi ukimya. Ndayizeye akavua kofia yake kama mtu anayepita karibu na msiba.

Mheshimiwa akahutubia. Alisema zama za vumbi zimekwisha. Alisema kuanzia leo Mbarara na dunia ni chumba na sebule. Aliwaasa wakimbizi waipende nchi waliyokuwa wanaiacha na ile wanayokwenda, na katikati waipende jeti. Jua likapanda juu ya vichwa vyetu, zulia likatoa harufu ya gundi. Mwishowe akakata utepe, familia zikapanda, watoto wakafungwa mikanda, na Kapteni akashuka ngazi akiomba mashine.

Ufunguo wa stoo alikuwa nao mtunza stoo. Mtunza stoo alikuwa Kampala kwenye semina ya kujiandaa na dharura. Walinzi wa mheshimiwa wakavunja kufuli. Mashine ilikuwa ndani, inang'aa, utepe wake bado umefungwa shingoni. Tukaisukuma nje. Betri yake ilikuwa imekufa, yaani mashine ya kuwashia ndege ilikuwa inahitaji kuwashwa. Tukasogeza gari la mheshimiwa, tukaunganisha nyaya, ikakohoa moshi mweusi, ikanguruma. Makofi tena. Siku ile watu walipiga makofi mpaka nikawaonea huruma mikono yao.

Ndayizeye akazunguka mashine mara mbili. "Yoo," akasema polepole. "Mpira wake uko wapi?"

Hapo ndipo Bwana Tumwesigye aligeuka akatazama choo. Wiki iliyotangulia kilikuwa kimejengwa choo cha wageni wa heshima, kwa ajili ya hafla hiyo. Kilikuwa na vigae, kioo, na bomba nene jeusi la kushusha maji ya mvua kutoka kwenye paa. Bomba zuri sana. Lilikuwa limekatwa vipande viwili na kupigiliwa ukutani kwa misumari.

"Ulisema iko," Kapteni alimwambia.

"Iko," akajibu, na kwa kweli hakusema uongo.

Tuliubandua mpira ule ukutani. Tukaunganisha vile vipande kwa mipira ya ndani ya baiskeli, tukafunga, tukafunga tena, kama mguu uliovunjika. Tukauchomeka kwenye ndege. Nikainua mkono, Ndayizeye akafungulia upepo. Mpira ukavimba, ukatikisika, ukachomoka pale tulipofunga, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Ulipiga hema, ukapiga meza, ukaiondoa keki yote na kuigawa kwa wageni wa mstari wa kwanza bila kuangalia vyeo. Hakuna aliyeumia. Mheshimiwa alijipangusa sukari kwenye nyusi kwa utulivu mkubwa, nilimheshimu kwa hilo.

Nikasema nifunge tena, nimeona tulipokosea. Kapteni akaniwekea mkono begani.

"Hapana, mzee wangu. Ukifunga vizuri itawaka, najua. Lakini mimi siwezi beba watoto kwa ndege imewashwa na mpira ya baiskeli. Wacha."

Alikuwa na haki, na nilijua alikuwa na haki hata kabla hajasema. Lakini nilikuwa na mtu wangu ndani, na mikono ya baba haisikilizi.

Sasa vijana, hapa ndipo nilipojifunza kwamba ndege inaweza kuzuiwa na neno. Afisa aliyesindikiza familia alikuwa kijana mstaarabu, lakini amefungwa na sheria zake. Alisema basi linaweza kuwapeleka Entebbe mara moja kama safari ya ndege imefutwa. Kama imechelewa tu, abiria wanapaswa kungoja.

"Haijafutwa," akasema Bwana Tumwesigye. "Imechelewa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka itakapoondoka."

Hakutaka neno kufutwa. Waandishi wa habari walikuwapo, na zama za jeti zilikuwa zimetangazwa asubuhi ileile. Kapteni naye alikuwa kwenye simu na wakubwa wake, nao wanamwambia asubiri, wanatafuta mashine nyingine. Kutoka Mbarara hadi Entebbe barabara ni ndefu, na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea.

Mapendo akashuka ngazi, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa amemshika mkono.

"Papa, basi iko pale. Shofa iko ndani, analala. Juu ya nini batu banakaa mu aviyo yenye imekufa?"

Nikamweleza habari ya imefutwa na imechelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza alipokuwa mdogo nikimweleza kwa nini leo hakuna nyama.

"Kwa hiyo tunangojea neno?"

"Tunangojea neno."

Akaniacha hapo. Akaenda moja kwa moja kwa Kapteni, akasimama mbele yake. "Mama Kapteni, ile ndege ya mangaribi haitaningojea. Bwana yangu ananingojea. Nimengojea mu ile kambi mpaka huyu mutoto amezaliwa na amejua kutembea. Wewe njo mukubwa wa hii aviyo. Sema tu."

Kapteni akamtazama mtoto, akamtazama Bwana Tumwesigye.

"Kapteni, fikiria kazi yako," meneja akasema kwa sauti ya chini.

"Nafikiria," akajibu. Akakata simu, akaenda kwenye jukwaa, akachukua maikrofoni. Hakukuwa na kelele yoyote. Sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Abiria wangu, mimi ni kapteni ya hii ndege. Safari imefutwa. Nasema tena, imefutwa. Tafadhali mupande basi."

Sijawahi kushusha mizigo kwa kasi ile. Mimi na Ndayizeye tulitoa masanduku kama watu wanaozima moto. Hata mheshimiwa alinyanyua begi moja, kamera zikapiga, akalirudisha chini pale pale.

Kuagana hakukuwa na nafasi. Nilikuwa na mafuta mikononi, Mapendo alikuwa na nguo safi za safari, akanikumbatia hivyo hivyo. "Papa, kula," aliniambia sikioni. "Usilale na njaa juu ya uvivu ya kupika." Nikamwambia aende na Mungu, avae soksi. Nilikuwa na maneno mengine niliyoyatayarisha miezi mingi, lakini yalikuwa marefu, na hotuba ndefu tulikuwa tumeshaiona inavyofanya. Basi likaondoka.

Mtataka kujua yaliyofuata. Jeti ilikaa pale mpaka lori lilipoleta mashine kutoka Entebbe. Ng'ombe walikuja kujikuna kwenye magurudumu yake. Bwana Tumwesigye akatangaza kwamba ndege imewekwa kwa makusudi ili wananchi waione, na shule zikaja kweli, zikaona. Baadaye alipandishwa cheo, akawa mkuu wa usalama. Kapteni aliitwa kujieleza, akajieleza, kisha akaondoka mwenyewe. Nasikia siku hizi anarusha ndege kubwa zaidi kwa watu wengine. Mimi na Ndayizeye tulisifiwa kwa barua moja yenye majina mawili, yote yamekosewa.

Lakini jioni ya siku ile nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Tuliambiwa tubaki kuilinda ndege, tukakaa chini ya bawa tukila keki iliyookotwa upande usiogusa udongo. Simu yangu ikalia.

"Papa, tuko ndani. Batoto bamekaa. Tulifika banataka kufunga mulango."

"Mungu ashukuriwe."

"Iko mvua huku mingi. Minaona mutu moja chini, amevaa jile ya orange kama yako. Ananyeshewa tu, iko naangalia magurudumu. Minamupungia mukono, lakini hanione."

Nilijua kwa nini hamwoni. Mtu akiwa na gurudumu mbele yake hainui macho, akiinua, anaumia. Kwa miaka yote sikuwahi kuyatazama madirisha ya abiria nikajiuliza kama kuna mkono nyuma ya kioo.

"Anakuona," nikamwambia. "Yuko kazini tu, hawezi kuinua mkono. Punga."

"Minapunga, Papa. Na batoto banapunga."

Halafu wakaambiwa wazime simu.

Nikajikuta nimeinua mkono, pale nje ya Mbarara, uwanja mtupu, ng'ombe wawili na machweo. Ndayizeye akanitazama. "Unampungia nani, mzee?"

"Watu wa ndani."

Ndayizeye alijipangusa makombo ya keki, akainua mkono wake naye, akapunga.